Uji wa Mgonjwa

Wanavijiji wa Uganda waliombwa wameze punje ndogo za plastiki ambazo mionzi ya eksirei haipenyi. Kumeza kulikuwa rahisi. Kilichohitaji moyo ni kilichofuata: kila aliyekwenda haja alitakiwa kukitia choo chake mfukoni, mfuko ufungwe, na saa iandikwe. Mifuko ilipigwa picha ili kuhesabu punje zilizotoka, kisha ikawekwa kwenye mizani. Mabaharia wa jeshi la majini la Uingereza na wake zao nao walipimwa. Matokeo yalitoka katika jarida la Lancet mwaka 1972. Chakula cha Mganda wa kijijini kilisafiri mwilini kwa saa 36 hivi, na choo chake cha siku kilikuwa na uzito wa gramu 470. Cha baharia na mkewe kilikaa saa 83, na choo kilikuwa gramu 104 tu.

Aliyeandika matokeo hayo, pamoja na Alec Walker wa Afrika Kusini na Neil Painter wa Uingereza, alikuwa Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Kiayalandi aliyepoteza jicho la kulia akiwa na umri wa miaka 11. Burkitt alifika Lira, katika nchi ya Walango, mwaka 1946, na miaka miwili baadaye akahamia hospitali ya Mulago, Kampala. Dunia inamkumbuka kwa saratani ya taya za watoto aliyoieleza mwaka 1958, ambayo hadi leo inaitwa kwa jina lake. Lakini jambo lililomshika kuanzia miaka ya 1960 hadi kufa kwake mwaka 1993 lilikuwa sahani ya chakula.

Mulago alimkuta Hugh Trowell, aliyekuwa Afrika Mashariki tangu 1929, kwanza Kenya kisha Uganda, na aliyetumia miaka mingi kupambana na kwashakoo. Trowell alikuwa na tabia ambayo ni adimu kwa daktari mwenye wodi iliyofurika: aliandika hata yale asiyoyaona. Mwaka 1960 alichapisha kitabu juu ya magonjwa yasiyoambukiza Afrika, akayataja maradhi yaliyozoeleka kwa madaktari wa London lakini nadra kwa madaktari wa Kampala. Burkitt aliporudi Uingereza alikutana na maandishi ya Peter Cleave, daktari wa jeshi la majini aliyelaumu sukari na unga mweupe kwa karibu kila kitu. Ndipo akaanza kuziandikia hospitali za misheni, zaidi ya 150, akiwauliza madaktari wa huko wanaona nini na hawaoni nini. Kidole tumbo, bawasiri, saratani ya utumbo mpana: majibu yalisema nadra. Katika orodha hiyo kulikuwa pia na kolaitisi ya vidonda, ugonjwa unaoutafuna ukuta wa ndani wa utumbo mpana hadi mtu anahara damu kwa miezi na miaka.

Burkitt na Trowell walikisia kwamba siri ilikuwa katika nyuzinyuzi. Walango walikula ulezi, maharage na simsim. Muganda alikula matoke na viazi vitamu. Mwingereza alikula mkate mweupe wa ngano iliyokobolewa hadi ikabaki wanga mtupu. Dhana hiyo ilikuwa na nguvu, na ilikuwa na heshima ndani yake, kwa maana iliwatazama Waafrika kama watu wenye jambo la kufundisha. Lakini ilikuwa na ufa. Mahali ambapo kuhara damu kuna majina mengi tayari, amiba, shigela, kichocho, na ambapo hakuna kamera ya kuingiza tumboni, nani angeigundua kolaitisi ya vidonda hata kama ingekuwepo? Ugonjwa usiotafutwa ni rahisi kuitwa nadra. Ukweli ulio wazi zaidi ni kwamba ulikuwa haba kuliko Ulaya. Kiasi gani, mizani ya Burkitt haikuweza kupima.

Kolaitisi hiyo ina ndugu mwenye historia fupi. Mwaka 1913 mpasuaji wa Glasgow, Thomas Kennedy Dalziel, alieleza habari za wagonjwa ambao matumbo yao yalikuwa magumu na mazito mkononi, kama samaki aitwaye mkunga aliyekufa akakakamaa. Maneno yake yalipita bila kusikika sana. Miaka 19 baadaye, katika hospitali ya Mount Sinai, New York, Burrill Crohn, Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer walichapisha habari za wagonjwa 14 wenye vidonda na makovu mwishoni mwa utumbo mwembamba. Majina yalipangwa kwa alfabeti, na kwa bahati ya herufi C ugonjwa ukawa wa Crohn. Wengi wa wagonjwa walikuwa vijana. Walikonda, walikuwa na homa, tumbo liliwakata upande wa kulia chini, na tiba ilikuwa kisu: kata kipande kibovu, unga vilivyobaki, omba kisirudi. Mara nyingi kilirudi.

Kila mgonjwa wa aina hii, tangu siku hiyo hadi leo, anauliza swali lile lile: nile nini? Ni swali la haki. Mtu anayeona kwamba kila anachokula kinamgeukia hawezi kuamini kwamba chakula hakihusiki. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, yaani unapikwa na kupelekwa bila kumsumbua kwa maswali. Hospitali kubwa za karne ya 20 ziliugeuza msemo huo. Mgonjwa ndiye aliyeuliza habari za uji, na hakuna aliyemjibu kwa uhakika. Aliambiwa ale vitu laini visivyo na makapi, mchele mweupe, mayai, nyama iliyochemshwa, au akaambiwa ale chochote kisichomsumbua. Mwaka 1955, Sidney Truelove na Leslie Witts wa Oxford walionyesha kwa jaribio la kitabibu lililofanywa kwa uangalifu kwamba kotisoni inatuliza kolaitisi kali. Ilikuwa hatua kubwa na iliokoa maisha. Mimi sina neno baya juu yake. Ila tangu hapo sahani ilisukumwa pembeni. Truelove mwenyewe aliandika mwaka 1961 juu ya wagonjwa ambao maziwa yaliwachokoza ugonjwa, lakini wachache waliendelea na njia hiyo.

Waliokuwa wakitazama sahani walikuwa madaktari wa watoto, na ugonjwa waliokuwa wakiutazama ulikuwa mwingine, ndugu wa karibu: siliaki, ambao nao huharibu utumbo mwembamba na kumwacha mtoto tumbo mbele na mifupa nyuma. New York mwaka 1924, Sidney Haas aliwalisha watoto hao ndizi mbivu, akawaondolea mkate na wanga mwingine, na waliokuwa wakifa wakaanza kunenepa. Haas aliamini ndizi ndiyo dawa. Jibu sahihi lilitoka Uholanzi. Willem Dicke, daktari wa watoto huko Den Haag, alikuwa akiishuku ngano tangu miaka ya 1930. Katika majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, Wajerumani walipozuia chakula na Waholanzi wakala vitunguu vya maua, mkate ulipotea mjini. Katikati ya njaa ile, watoto wake wa siliaki walipata nafuu. Mkate uliporudi, wakaugua tena. Mwaka 1950 aliandika tasnifu yake, na miaka michache baadaye ikajulikana kwamba kosa liko kwenye gluteni ya ngano. Ndizi ya Haas ilisaidia kwa sababu ilikaa mahali pa mkate.

Haas hakukata tamaa na mlo wake. Akiwa mzee sana, mwishoni mwa miaka ya 1950, alipelekewa msichana mdogo mwenye kolaitisi ya vidonda ambaye wazazi wake walikuwa wameambiwa akatwe utumbo. Akampa mlo ule ule: matunda, nyama, mayai, mtindi uliochachuliwa muda mrefu, bila nafaka na bila sukari ya mezani. Mtoto alipona. Mama yake, Elaine Gottschall, alirudi shuleni akiwa mtu mzima, akasomea baiolojia, na mwaka 1987 akatoa kitabu ambacho kilisambaa kutoka mkono hadi mkono kwa wagonjwa duniani kote. Madaktari wengi walikidharau. Mtoto mmoja kupona si ushahidi, na walikuwa na haki ya kusema hivyo. Ila kusema hivyo bila kwenda kupima ni nusu ya kazi, na nusu ya pili ilisubiri miaka mingi.

Njia kuu ilipita kwingine kabisa: angani. Wamarekani walipokuwa wakijiandaa kwenda mwezini walikabiliwa na tatizo lisilosemwa hadharani. Mtu aliyefungiwa ndani ya chombo cha anga anakula, na anayekula huenda haja. Milton Winitz na wenzake walitengeneza chakula cha kikemia, kila kitu kikiwa kimevunjwa hadi vipande vyake vya mwisho, amino asidi badala ya protini, glukosi badala ya wanga, chumvi na vitamini zikipimwa kwa miligramu. Wafungwa wa California waliojitolea waliishi kwa kinywaji hicho kwa wiki 19, wakabaki na afya, na choo chao kikawa haba. Habari hiyo ilichapishwa katika jarida la Nature mwaka 1965. Miaka mitatu baadaye Stanley Dudrick wa Philadelphia alionyesha kwamba watoto wa mbwa waliolishwa kwa mshipa tu, bila tonge kupita kinywani, walikua sawasawa na ndugu zao wa tumbo moja waliokula. Sasa wapasuaji walikuwa na namna mbili za kumlisha mtu huku utumbo wake umepumzishwa.

Walizitumia kwa sababu ya kawaida ya mpasuaji: kumnenepesha mgonjwa kabla ya kumkata. Mgonjwa wa Crohn aliyekonda hadi kilo 40 hupona vibaya kidonda cha upasuaji, kwa hiyo alipewa kinywaji cha wanaanga wiki kadhaa ili apate nguvu. Na hapo, huko Montreal, Kanada, ikaonekana jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Baadhi ya wagonjwa walipofika siku ya kisu, kisu hakikuhitajika tena. Homa ilikuwa imeshuka, maumivu yametulia, kuhara kumekoma. Taarifa ilitoka mwaka 1973.

Jambo hilo lilihitaji kupimwa kwa haki, na aliyelipima ni Colm O'Moráin, akiwa na Anthony Segal na A. J. Levi katika hospitali ya Northwick Park, kaskazini magharibi mwa London. Waliwachukua wagonjwa 21 ambao Crohn ilikuwa imewashika vikali. Kundi moja lilipewa prednisoloni, dawa iliyotawala tangu enzi za kotisoni. Kundi la pili halikupewa dawa, lilipewa unga uliokorogwa kwa maji, huo huo wa amino asidi, na hakuna kingine cha kula kwa wiki 4. Waliokunywa unga walipata nafuu sawa na waliomeza dawa. Jarida la BMJ lilichapisha matokeo hayo mwaka 1984. Wagonjwa 21 ni wachache, na majaribio makubwa yaliyofuata yalionyesha kwamba kwa watu wazima prednisoloni inashinda, hasa kwa kuwa wengi huacha kinywaji njiani. Mtu akionja anaelewa. Amino asidi zina ladha chungu yenye harufu ya kitu kilichooza kidogo, na wengi walilazimika kuwekewa mrija wa puani ili kinywaji kipite bila kugusa ulimi. Lakini mlango ulikuwa umefunguka. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na jaribio lenye kundi la kulinganisha lililosema kwamba sahani inaweza kuuzima moto wa Crohn.

Waliopita mlango huo wakiwa na sababu kubwa kuliko wote ni madaktari wa watoto. Mtoto wa miaka 12 mwenye Crohn ana saa inayokwenda: asipokua sasa, mifupa itafunga na atabaki mfupi maisha yake yote. Prednisoloni, pamoja na kumvimbisha uso, inazuia ukuaji ule ule anaouhitaji. Kinywaji kilimlisha na kumtibu kwa wakati mmoja. Baadaye ikaonekana kwamba hata vinywaji vya protini kamili, ambavyo vina ladha nzuri zaidi na bei nafuu zaidi, vinafanya kazi sawa na vile vya amino asidi. Huko Italia mwaka 2006, katika jaribio la watoto 37, kinywaji na dawa za steroidi, jamii ya prednisoloni, vilikaribiana katika kutuliza dalili. Lakini kamera ilipoingizwa ndani, ukuta wa utumbo ulikuwa umepona kwa asilimia 74 ya walionyweshwa, dhidi ya asilimia 33 ya waliopewa steroidi. Mwaka 2014 vyama vya wataalamu wa Ulaya viliandika rasmi kwamba kwa mtoto mwenye Crohn, tiba ya kuanzia ni kinywaji pekee, wiki 6 hadi 8. Kwa kolaitisi ya vidonda kinywaji hicho hakijaonyesha nguvu hiyo. Magonjwa haya mawili ni ndugu, lakini hayali kutoka chungu kimoja.

Wakati Northwick Park ikipima unga usio na hata uzi mmoja wa nyuzinyuzi, huko Bristol kulikuwa na Kenneth Heaton, mfuasi wa dhana ya Burkitt. Mwaka 1979 aliandika juu ya wagonjwa 32 wa Crohn aliowalisha nafaka zisizokobolewa, matunda na mboga, bila sukari, kwa wastani wa zaidi ya miaka 4. Walilala hospitali jumla ya siku 111, ilhali wagonjwa wa kulinganishwa nao walilala siku 533. Lilionekana kama jibu la Uganda limefika England. Kisha jaribio kubwa la hospitali nyingi, lenye wagonjwa 352 waliofuatiliwa miaka 2, likaonyesha mwaka 1987 kwamba mlo huo haukuleta tofauti yoyote. Na Cambridge, mwaka 1985, Virginia Alun Jones alichukua wagonjwa 20 ambao ugonjwa wao ulikuwa umeshatulizwa. Wale 10 waliopewa mlo wa nyuzinyuzi, wote waliugua tena au waliacha ndani ya miezi 6. Wale 10 waliorudishiwa vyakula kimoja kimoja, wakiacha kila kilichowachokoza, 7 walibaki salama.

Hapo ndipo historia hii inaponishika zaidi. Burkitt na O'Moráin hawakupingana, ingawa mmoja alisifu makapi na mwingine aliyaondoa yote. Walikuwa wakijibu maswali mawili. Sahani inayomkinga mtu mwenye afya asiugue si lazima iwe sahani inayomtuliza aliyekwisha ugua. Mahindi ya kuchoma na dona ni heri kwa utumbo mzima. Kwa utumbo uliobanwa na makovu hadi umebaki tundu la kalamu, ganda moja la punje linaweza kuziba njia na kumpeleka mtu chumba cha upasuaji usiku. Wagonjwa wengi wameumia kwa kushauriwa jibu la swali la kwanza wakati wao walikuwa wameuliza la pili.

Kwa nini kinywaji kinatuliza? Dhana ya kwanza ilikuwa mzio: amino asidi ni ndogo mno kuuamsha mwili. Dhana hiyo ilidhoofika protini kamili zilipofanya kazi ile ile. Dhana iliyofuata ilitazama bakteria, na huko Glasgow, mji wa Dalziel, kundi la Konstantinos Gerasimidis lilikuta jambo la kushangaza: mtoto anapopata nafuu kwa kinywaji, hata bakteria wanaohesabiwa kuwa wema hupungua. Basi pengine nguvu iko katika kile kisichokuwemo. Mwaka 2015 watafiti wa Atlanta waliwapa panya emulsifaya mbili zinazotumika kushikanisha maji na mafuta katika vyakula vya viwandani. Utando wa ute unaolinda utumbo ukapungua, na panya waliokuwa na maumbile dhaifu wakapata kolaitisi. Utafiti wa watu zaidi ya 116,000 katika nchi 21, uliochapishwa mwaka 2021, uliona kwamba waliokula vyakula vilivyosindikwa sana mara 5 au zaidi kwa siku walipata magonjwa haya kwa karibu mara 1.8 ya wale waliokula chini ya mara moja. Hapo Burkitt angesogeza kiti karibu. Alikuwa ameona sahani iliyobadilika, ingawa alitazama kilichotolewa kuliko kilichoongezwa.

Mlo wa Gottschall nao hatimaye ulipimwa. Marekani, mwaka 2021, watu wazima wapatao 190 wenye Crohn waligawanywa: nusu wakafuata mlo huo, nusu wakala kama watu wa pwani ya Mediterania, mafuta ya zeituni, samaki, mboga, matunda na nafaka. Baada ya wiki 6 dalili zilikuwa zimetulia kwa asilimia 46.5 upande mmoja na 43.5 upande wa pili. Ukali wa masharti ya kwanza haukuleta faida ya ziada, na mgonjwa ambaye amenyimwa mengi tayari anastahili kuambiwa hivyo.

Na mwaka 2019, Arie Levine wa Israel, pamoja na wenzake wa Kanada, walijaribu kumrudishia mtoto mgonjwa chakula cha kutafuna. Watoto 74: wengine walikunywa tu, wengine walikunywa nusu na kula nusu, ila chakula chenyewe kilipangwa kwa makini, bila ngano, bila maziwa ya ng'ombe nje ya kinywaji, bila chochote cha kopo chenye viungio. Wiki ya 6 walikuwa wametulia kwa asilimia 75 kati ya waliokula, na 59 kati ya waliokunywa tu. Tofauti ambayo kila mzazi angeitarajia ilikuwa kwenye uvumilivu: karibu wote waliopewa chakula waliweza kukifuata, na robo ya wenzao walishindwa.

Siku hizi magonjwa haya yanagunduliwa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam kwa kuwa kamera zimefika, na pengine kwa kuwa sahani imebadilika. Daktari wa huku ana kazi ambayo mwenzake wa London hana: lazima kwanza awe na hakika kwamba vidonda anavyoviona si kifua kikuu cha utumbo, maana vinafanana sana na steroidi zinaweza kukifumua. Kinywaji maalumu cha wiki 6 kinagharimu fedha ambazo familia nyingi hazina. Lakini orodha ya lazima ya kila siku katika mlo wa Levine, wiki za mwanzo, haina kitu cha ajabu. Kidari cha kuku. Mayai 2. Viazi 2 vilivyomenywa, vikachemshwa, vikaachwa vipoe kabla ya kuliwa. Tofaa 1 lililomenywa, tunda ambalo katika masoko ya Nakasero na Kariakoo linauzwa kando ya barabara. Na ndizi mbivu 2, zile zile alizozishika Sidney Haas mkononi mwaka 1924.